Jina la Mgongoni

Jumapili, 2 Februari

Mvua tangu asubuhi. Mukeke FC mbili, timu ya Makamba moja. Mabao yote mawili ni ya mume wangu, Ayubu, namba tisa: la kwanza kwa kichwa, la pili kwa mguu wa kushoto ambao watu wanasema hana. Mpira ulipokwisha, masapota wakaruka ukuta wa ghala la mawese, wakaingia kiwanjani kwenye matope, wakambeba mtu juujuu. Wakambeba Zabroni.

Zabroni ni beki. Miaka kumi na moja katika timu hii amefunga bao moja, na hilo mpira ulimgonga kisogoni ukaingia wenyewe. Lile bao la Makamba leo ni yeye aliyelisababisha; aliteleza, akakaa chini kama mtoto anayekataa shule. Lakini ndiye waliyembeba, na wanawake wakamwimba mpaka sokoni. Ayubu akavua viatu vyake, akavifunga kwa kamba, akavitundika shingoni, akaja nyumbani kwa miguu. Nilimpa maji ya moto. Akaoga, akala, akalala.

Mimi nimebaki na hasira zangu, nikaona bora niziandike, maana nikimwambia mtu atasema nina wivu. Nina wivu. Haya, imeandikwa.

Jumanne, 4 Februari

Mvua. Nimeshona sare mbili za shule. Mwanangu Raisa anakohoa.

Alhamisi, 6 Februari

Jua lilitoka saa nne, nikaanika nguo, mvua ikarudi.

Ayubu amemwambia kocha, mzee Leonidasi, kwamba goti limechoka na huu ndio msimu wake wa mwisho. Mwezi wa tano anavua jezi. Jambo hilo ameniambia huku anakula muhogo, kwa sauti ile ile anayoniambia chumvi imepungua.

Basi nina mpaka mwezi wa tano. Ninachotaka ni kimoja, na sikifichi: kabla mume wangu hajavua ile jezi, Rumonge ilitaje jina lake kama inavyolitaja la yule mwingine. Miaka tisa amewafungia. Kila mwaka ndiye wa kwanza kwa mabao. Lakini mjini hapa mtoto wa kiume akizaliwa siku ya mechi anaitwa Zabroni, na kuna mbuzi mmoja huko Kigwena nimesikia naye anaitwa hivyo. Hakuna aliyemwita hata bata wake Ayubu.

Chanceline, mke wa Zabroni, akifika kwa wauza samaki anaongezewa. Mimi nikifika naulizwa, "Mama Raisa, bwana yako ule mupira wa wazi aliukosa namna gani?" Na bei nalipa nzima.

Jumapili, 9 Februari

Hatukucheza. Ziwa limeingia kiwanjani mpaka kwenye kona ya kusini.

Jumapili, 16 Februari

Nimefanya jambo ambalo Ayubu hajui. Nimepika sufuria kubwa ya ndagala, dagaa wa Minago, kwa mawese, na ugali wa muhogo, nikawapelekea wapiga ngoma kabla ya mechi. Mkubwa wao anaitwa Jafari, fundi baiskeli. Nikamwambia, "Leo mukishiba, mutaje na namba tisa kidogo." Akasema hakuna shida, dada yangu, hilo limekwisha.

Walikula mpaka wakakwangua. Halafu wakaanza kuimba, na kwa shibe ile sijawahi kusikia Zabroni akiimbwa vizuri namna hii. Kipindi cha pili nilimkazia macho Jafari mpaka akakumbuka. Akapiga ngoma mara mbili, akapaza sauti, "Ayubu!" Ukuta mzima ukamjibu, "Zabroni!" Walizoea tu, walijibu bila kufikiri. Sufuria nimerudishiwa tupu na haijaoshwa.

Jumatatu, 24 Februari

Leo nitaandika sana, maana nikinyamaza nitapasuka.

Mama Marcelina alikuja hapa kwenye kibanda changu cha ushonaji akiwa na wanawake wawili, na mafungu ya kitenge kichwani. Marcelina anauza ndagala, na ndiye anayeanzisha nyimbo zote pale ukutani. Sauti yake ukiisikia Rumonge, Kigwena nao wameisikia.

"Amahoro, mama Raisa."

"Amahoro."

"Tumechanga. Sisi wanamuke wote wa ukutani tunataka bluzi, rangi moja, za kuvaa mechi ya mwisho ya musimu. Na nyuma hapa, mugongoni, utuwekee jina. Kubwa, mutu asome toka goli ya pili."

Nilijua. Hata hivyo moyo ukanidanganya, nikauliza jina gani.

Akaniangalia kama nimemuuliza ziwa liko upande gani. "La Zabroni."

Huku kwetu sherehe bila sare si sherehe. Harusi ina kitenge chake, kipaimara kina chake, hata anayerudi Makka anapokelewa na wanawake waliovaa sare. Lakini mchezaji kuvaliwa na mji, hilo sijaliona tangu nizaliwe. Kwa hiyo wa kwanza kuvaliwa ni beki wa bao moja, na wa kuzishona ni mke wa namba tisa. Na ni herufi saba. Ayubu ni tano, hata kitambaa kingebaki.

Ningekataa, wangezipeleka kwa Rachidi, fundi wa karibu na msikiti, na kufika jioni mji wote ungejua sababu. Nikasema nitashona. Marcelina akanishika mikono yote miwili, "Murakoze cane, mama Raisa," na alikuwa anashukuru kwa moyo kabisa. Hilo limenichoma zaidi kuliko angenicheka.

Jumatano, 26 Februari

Nimeshona ya mfano. Kijani, mikono mifupi, na herufi nimezikata kwenye popolini nyeupe, nikazizungushia uzi. Nyuma nimeandika AYUBU. Nikampelekea Marcelina pale anapoanikia ndagala zake, nikamwambia aangalie tu linavyokaa.

Akasoma. Hakukasirika. Akaikunja vizuri, akanirudishia. "Hii iko yako, mama Raisa. Jina la bwana anavaa bibi yake. La Zabroni nitavaa mimi, na sijalala naye hata siku moja." Wauza ndagala wote wakacheka. Mimi pia nilicheka, kwa mdomo. Nimerudi nyumbani nikafumua herufi zote kwa wembe.

Ijumaa, 7 Machi

Mfungo. Mvua. Nimeanza kupima watu, na nimeamua kila atakayesimama mbele yangu mikono juu nitamuuliza: kwa nini yeye? Mtu akiwa anapimwa hana pa kukimbilia.

Mariam wa sambusa amesema, "Kwa sababu tukifungwa, hakuli. Siku ile ya mabao manne nilimupelekea sambusa, akazirudisha, akasema nipatie watoto, yeye hastahili." Nikamwambia Ayubu tukifungwa anakula vizuri, maana amekimbia saa moja na nusu. "Ndiyo," Mariam akasema. "Njo sababu."

Bibi yake Mariam naye alikuja, haoni vizuri, kapimwa amekaa. Akasema, "Zabroni anacheza namna mimi ningecheza. Bwana yako anacheza namna mimi siwezi." Nilimuuliza sasa hapo kosa la bwana yangu ni lipi. Akasema hakuna kosa, nipunguze kidogo kwapani.

Jumanne, 11 Machi

Watatu leo. Wa kwanza: anapenda soksi zake zinavyoshuka. Wa pili: kwa sababu anamtukana mwamuzi, halafu mechi ikiisha anamfuata kumwomba radhi. Wa tatu alifikiri mpaka mkono ukamchoka, akasema hajui, lakini akimwona anataka kulia. Nimeandika vipimo vyao. Nimevunja sindano.

Jumapili, 16 Machi

Sare, sifuri kwa sifuri. Ayubu amecheza na saumu yake, midomo imepasuka, akakosa mpira wa wazi dakika za mwisho. Wakamzomea. Dakika ile ile Zabroni akaubutua ovyo mpaka ziwani, wakapiga makofi. Mtu akaogelea kuufuata mpira, naye wakampigia makofi. Hata mwogeleaji amepata makofi kuliko mume wangu.

Alhamisi, 20 Machi

Marcelina mwenyewe amekuja kupimwa. Nikamuuliza swali langu. 

"Wakati bwana yangu alikufa," akasema, "iko mwaka ziwa lilikula nyumba za kule chini. Kaburi lilijaa maji. Wanaume wamesimama pale juu, wanaangaliana. Zabroni akaingia ndani na ndoo, akatoa maji mpaka tukazika. Hakusema kitu. Hata pole hakusema."

Nikauliza Ayubu alikuwa wapi siku hiyo.

"Bwana yako alinipigia telefone, akanitumia pesa. Ilinisaidia sana, mama Raisa. Bwana yako si mutu mubaya. Minakuambia tu mutu gani minavaa."

Kifua chake nimekipima mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza sikuona namba. Alipoondoka nilikaa nikitafuta kitu kikubwa ambacho Ayubu alimfanyia mtu yeyote mjini hapa. Nimepata mabao, na mabao tayari wanayajua.

Jumanne, 1 Aprili

Sikukuu imepita. Ayubu ameniletea kitambaa cha kichwa, cha zambarau, kizuri. Mvua.

Jumamosi, 5 Aprili

Chanceline amekuja.

Nilikuwa namngoja tangu mwezi wa pili. Nilikuwa nimepanga nimpunje kidogo mabegani, asiweze kuinua mikono kupiga makofi. Akaingia amelowa, bila mwavuli, amekonda kuliko nilivyodhani, akakaa kwenye kiti cha wateja akavua viatu.

"Na mimi nishonee," akasema. "Watauliza kama sina."

Nikamsimamisha, nikamuuliza kama wengine: kwa nini Zabroni?

Akacheka. "Uniambie weye. Mimi minajiuliza kila siku." Kisha akaanza kusema, mikono yake bado iko juu, na mimi nikasahau kupima. "Nyumbani kwangu watu wanaingia tangu alfajiri. Huyu mutoto wake mugonjwa. Huyu anataka kumuona tu, hana shida yoyote, anataka akae naye. Jana amekula amesimama mulangoni, sahani mukononi, anasikiliza mambo ya shamba la mutu. Sijakula na bwana yangu sahani moja tangu sijui lini. Nikimugombeza, mutaa muzima unanigombeza mimi. Samaki wananipa, ndiyo. Wananipa samaki, wananitwalia mutu."

Nikamwambia ashushe mikono.

"Bwana yako mupira ukiisha anaenda wapi?" akaniuliza.

"Nyumbani."

"Anakula?"

"Anakula."

"Pamoja na weye?"

Nikasema ndiyo, na Raisa. Chanceline akaangalia cherehani yangu muda mrefu. Macho yake nilikuwa nayajua, maana ni yangu. Miaka yote hii nimemwonea wivu kwa sababu ya wimbo, leo yeye amenionea wivu kwa sababu ya sahani ya muhogo, na hakuficha.

Sikujua niliweke wapi jambo hilo. Nimemshonea vizuri, mabega yamekaa. Na bado nilipopita jioni mbele ya ghala nikasikia wanajaribu ngoma, "Zabroni wetu," nikavuka barabara nisisikie, kama kawaida.

Jumapili, 13 Aprili

Petroli hakuna mji mzima. Timu imekwenda Bujumbura kwa lori la mawese, wachezaji wamekaa juu ya mapipa. Hapo Gitaza udongo wa mlimani ulikuwa umefunika barabara, wakashuka, wakavuka kwa miguu, wakatafuta lori lingine upande wa pili. Tumefungwa matatu.

Ayubu amerudi ananuka mawese, anacheka peke yake. Amesema Zabroni alibeba viatu vya timu nzima kichwani akazama mpaka magotini. Nikamuuliza kwa nini hakumsaidia kubeba. "Nilikuwa nacheka," akasema.

Ndiyo maana, nikasema moyoni. Ndiyo maana hasa. Halafu nikakasirika kwamba nimeanza kufikiri kama wao.

Alhamisi, 24 Aprili

Tumegombana.

Bluzi zilikuwa zimekunjwa mezani. Ayubu akachukua moja, akaigeuza, akapitisha kidole kwenye herufi ya kwanza. "Hii Z imekaa vizuri," akasema.

Nikaweka mkasi chini, maana ningeurusha. Nikamuuliza kama hana damu. Nikamuuliza kama haoni wivu hata kidogo, hata wa kusingizia, kwa ajili yangu.

"Nilikuwa nao," akasema. "Mwaka wa kwanza, na wa pili. Halafu nikaona wivu na mazoezi kwa pamoja ni vingi."

"Mimi sijachoka."

"Naona."

Akakaa. Yeye si msemaji, na akisema hapendi kukatizwa, kwa hiyo niliuma ulimi. Akaniambia akifunga anafunga kwa sababu anapenda kufunga; hata ukutani kungekuwa hakuna mtu, angefunga, na angefurahi sawasawa. Lakini Zabroni akiokoa mpira anaangalia ukutani kwanza, kumtafuta fulani, bibi fulani, kama amefurahi. "Watu si wajinga," akasema. "Wanajua nani anawachezea wao. Mimi siwezi kujifanya."

"Basi angalau mimi nivae jina lako. Moja tu."

"Usinifanyie hivyo, Mwanvua. Watakucheka weye, si mimi."

"Wacheke."

"Hapana."

Anaponiita Mwanvua badala ya mama Raisa, najua amefika mwisho. La Zabroni sitaweka. La Ayubu nimekatazwa. Bluzi yangu itabaki mgongo mtupu.

Jumapili, 4 Mei

Mvua kubwa. Tumefungwa moja. Ayubu amekula, amelala.

Jumapili, 18 Mei

Tumeshinda mbili, Ayubu moja. Hesabu za Leonidasi zinasema hivi: mechi ya mwisho tukishinda tunabaki daraja la kwanza, tukitoka sare, tunashuka. Sokoni watu hawazungumzi kingine. Na hakuna hata mmoja aliyesema kwamba Jumapili ijayo namba tisa anaaga.

Ijumaa, 23 Mei

Wamechukua bluzi zote. Wamezivaa hapo hapo barabarani, wakageuzana kusoma migongo, wakanibusu. Mariam akauliza mbona yangu haina kitu nyuma. Nimesema popolini iliisha.

Jumapili, 25 Mei

Hakukuwa na mvua, lakini kiwanja kilikuwa bado matope. Sisi tulisimama kwenye ukuta wa ghala, nyuma ya goli la upande wa ziwa, wanawake kama arobaini hivi, kijani kitupu. Kabla ya kuanza, mtu wa kipaza sauti akasema leo ni siku ya Zabroni. Wakapiga vigelegele mpaka mwamuzi akaziba masikio. Nikangoja aseme neno la Ayubu. Akatangaza baiskeli iliyopotea.

Ayubu akafunga mapema. Mpira ulitoka kulia, akauacha upite, akageuka nao, akauweka chini kabisa ya nguzo. Nimemwona akifunga miaka mingi na hilo ndilo zuri kuliko yote. Watu wakafurahi, wakaimba, nanyi mnajua walimwimba nani. Nikasema si kitu, jioni watahesabu, watakumbuka ni bao la nani lililotubakisha.

Tukakaa na moja hiyo mpaka dakika za nyongeza. Wapinzani wakapata kona, golini kwetu, chini ya ukuta wetu kabisa. Mpira ukaja, Zabroni akaunyooshea mguu kuutoa, ukamgonga kwenye goti, ukaingia. Moja moja. Mwamuzi hakungoja hata tuanze tena, akapuliza.

Nitaandika ukweli. Mji mzima ulinyamaza, na mimi moyo wangu ulifurahi. Tumeshuka daraja, wanaume wazima wanashika vichwa, na mimi nafurahi. Zabroni alikuwa ameanguka kwenye matope pale pale, amejifunika jezi usoni. Nikasema sasa mtajua. Sasa mtaniletea migongo yenu niifumue, na nitaifumua bure. Wanaume wengi wakamkimbilia mwamuzi aliyekuwa anasindikizwa na polisi, wengine wakashika njia ya kwenda makwao. Wachezaji wakatoka vichwa chini. Nikageuka kumwangalia Marcelina, kumsikia atakavyomtukana.

Marcelina alikuwa analia. Akajifuta kwa kiganja. Akasema, si kwa sauti yake ya nyimbo, kwa sauti ndogo, "Geukeni. Tumupe mugongo. Asome."

Akageuka kulielekea ziwa. Mariam akageuka, akamsaidia bibi yake kugeuka. Chanceline akageuka. Wote, mmoja baada ya mwingine, mpaka ukuta mzima ukawa migongo na lile jina langu la popolini, kubwa, mtu asome hata kutoka goli la pili.

"Geuka, mama Raisa," Marcelina akasema bila kuniangalia.

Mimi ningegeuka nionyeshe nini? Nilibaki hivyo hivyo, uso kiwanjani, peke yangu. Nilikuwa na aibu. Nadhani pia nilikuwa bado nina kijicho.

Zabroni hakuwa anasoma. Jezi ilikuwa usoni, na hakuna aliyekwenda kumwondolea. Ayubu alikuwa katikati ya kiwanja, amekaa chini, anafungua viatu kwa mara ya mwisho, na hakuna aliyekuwa anamwangalia. Akainua kichwa, akaiona ile migongo, akamwona Zabroni. Akaviacha viatu. Akatembea peku nusu nzima ya kiwanja, akaketi kwenye matope ubavuni kwake. Akamwondolea jezi usoni; Zabroni akajifunika tena. Ndipo mume wangu akavua jezi yake mwenyewe, ile namba tisa, akamfuta nayo uso, macho na kamasi, polepole, kama ninavyomfuta Raisa. Akamshika kidevu, akakigeuza kuelekea kwetu, akamwambia kitu. Nikaona Zabroni anasoma. Mdomo wake ukafunguka. Ayubu akamwinua kwa makwapa, akamsimamisha, akamwachia.

Halafu Ayubu akaangalia ukutani. Migongo yote ile, na uso mmoja. Akaniinulia mkono kidogo, ule wenye jezi.

Marcelina na wenzake walipogeuka, walimkuta Zabroni amesimama peke yake, ameweka mkono kifuani. Ayubu alikuwa tayari anarudi kuchukua viatu vyake. Wakapiga kelele, wakaruka ukuta, wakambeba Zabroni.

Nyumbani nilimpa Ayubu maji ya moto. Alipokuwa anakula nikamuuliza alimwambia nini.

"Nilimwambia, soma bwana, mke wangu ameumiza vidole."

Jumanne, 27 Mei

Jua, la kwanza la kiangazi. Nilikuwa natia uzi kwenye sindano Marcelina alipoingia, na Mariam nyuma yake.

"Mama Raisa, tuambie. Weye peke yako ulikuwa unaangalia. Zabroni tukimuuliza analia tu, hasemi kitu. Alikuwa chini, tukigeuka yuko juu. Jafari anasema alikuta alama za miguu ya watu wawili pale. Nani alimuinua? Kama iko mutu, tunataka kumuingiza ndani ya wimbo, jina lake tuliweke pembeni ya la Zabroni. Tuambie, tulianze leo."

Jina moja tu. Lilikuwa mdomoni. Msimu mzima nimelisubiri, nimelipikia sufuria, nimelishona na kulifumua, na sasa wamekuja wenyewe mlangoni kuniomba.

Nikakumbuka nyumbani kwa Chanceline, watu tangu alfajiri. Nikafikiri jinsi Marcelina anavyomwimba mtu, hamwachi tena. Kile nilichokiona Jumapili hakuna mwingine aliyekiona, na nikilitaja jina, kesho watakuwa wamekiona wote, watakieleza sokoni bora kuliko mimi, watakiongezea chumvi, na mimi nitabaki mmoja wao. Msiniambie ni unyenyekevu. Ni wivu ule ule.

"Hakuna mutu," nikasema. "Aliinuka mwenyewe."

Marcelina akajipiga mapaja kwa viganja. "Nilijua. Mariam, sikukuambia?" Wakaondoka mbio.

Jioni tumewasikia kutoka ukutani, ngoma na yote, ubeti mpya: Zabroni aliyeinuka mwenyewe. Ayubu alikuwa anakula. Akasimamisha mkono, akasikiliza mpaka mwisho.

"Huo uwongo wameutoa wapi?" akauliza.

Nikamwongezea muhogo.